Uwanja Ukaguliwe Oktoba

Nyasi zinazofunika njia za uwanja wa gofu wa Riviera, mjini Los Angeles, asili yake ni Afrika Mashariki. Huitwa nyasi za kikuyu, kwa jina la watu wa nyanda za juu za Kenya, na zilipelekwa California kwa kazi isiyo na mbwembwe hata kidogo: kuzuia mmomonyoko wa udongo. Zilipofika zikakolea, zikatambaa, mwisho zikauteka uwanja mzima. Riviera umeteuliwa kuchezewa gofu ya Olimpiki ya mwaka 2028. Mabingwa wa dunia watakaokusanyika hapo watakanyaga majani ambayo mchungaji yeyote wa Limuru angeyatambua bila kuambiwa.

Ukoka nao una safari yake. Ule ule unaotambaa barazani, unaong'olewa shambani kwa matusi na kuota tena baada ya wiki, ndio mzazi mmoja wa nyasi chotara zilizozalishwa Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, na zinazotandazwa leo kwenye viwanja vya nchi za joto. Mzazi wa pili alitoka Afrika Kusini. Chotara hao hawazai mbegu. Hupandwa kwa vipande vya shina, kama marando ya viazi.

Kwa hiyo majani ni yetu. Tulichokosa ni jicho la kuuhukumu uwanja, maana tumelikopa kutoka kwenye televisheni.

Songea, kusini mwa Tanzania, haijulikani kwa gofu. Inajulikana kwa mahindi, kwa Vita vya Majimaji, kwa timu iliyobeba jina la vita hivyo, na kwa baridi ya Juni na Julai inayowakuta wageni wa pwani wakiwa na mashati mepesi. Hata hivyo mji huu, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, umekaa juu ya ardhi ambayo wasanifu wa viwanja huisaka kwa gharama kubwa: miinuko isiyochosha miguu, mabonde yenye vijito, udongo unaopitisha maji kiasi, na miombo iliyoachiana nafasi. Ni mahali pazuri pa kuulizia swali ambalo klabu nyingi za Afrika Mashariki hulikwepa. Uwanja wa gofu wa aina ya bustani unapimwaje, kwa ubunifu wake na kwa hali yake?

Wajuzi wa mchezo huvigawa viwanja kwa makundi. Vya kale kabisa ni vya pwani ya Scotland: mchanga, upepo, vilima vidogo vya nyasi kavu, hakuna mti. Huko St Andrews, mwaka 1764, duru ya mashimo 22 ilipunguzwa ikawa ya 18, na dunia nzima ikafuata. Vya bara ni namna nyingine. Vina nyasi nene, miti pembeni, bwawa hapa na kijito pale. Sura hiyo ilirithiwa kutoka mashamba ya makabaila wa Uingereza, hasa yale yaliyopangwa upya na Lancelot Brown (1716–1783), msanifu aliyepachikwa jina la Capability kwa sababu alizoea kuwaambia wateja wake kwamba ardhi yao ina uwezo ambao haujatumika. Brown alibomoa kuta, akafuta bustani za maua zilizonyooshwa kwa rula, akaacha nyasi zishuke mpaka majini na miti ikae kwa vishada. Kukata majani aliwaachia kulungu na kondoo.

Mtu akitembea katika bustani ya wanyamapori ya Ruhila, jirani na mji wa Songea, ataona kwamba miombo haikumhitaji Brown. Miti imeachiana nafasi, nyasi ziko chini yake, swala na pundamilia wanazipunguza, na jicho linapita kati ya mashina mpaka mbali. Bustani ya mtindo huo inaigharimu Ulaya karne moja ya kupanda na kungoja.

Tuanze na ubunifu. Chukua shimo moja la mipigo minne, mita 350 hivi kutoka mahali pa kuanzia, ambapo wachezaji hupaita tii, hadi kwenye grini, yaani kiwanja kidogo cha nyasi fupi sana chenye bendera. Njia inapinda kulia kuzunguka kichaka. Kwenye kona kuna banka, yaani shimo lililojazwa mchanga. Mchezaji mwenye mkono na moyo huuvusha mpira juu ya kona. Akifaulu hubakiwa na pigo fupi, grini imemwelekea wazi. Mwoga, au mzee mwenye busara, hupiga kushoto kwenye nafasi pana. Hajapoteza kitu, ila pigo lake la pili limekuwa refu na banka lingine limekaa mbele ya grini likimsubiri. Wote wawili watafika, kila mmoja kalipa kwa namna yake. Ondoa banka la kona na shimo linageuka barabara tu. Ongeza mabanka sita pande zote na umejenga gereza. Uwanja bora ni ule ambao mtu anaweza kuucheza mara mia na bado asimame kwenye tii akijiuliza apite wapi.

Aliyeliandika jambo hili vizuri zaidi alikuwa daktari. Alister MacKenzie aliwatibu wanajeshi wa Uingereza katika Vita vya Makaburu, 1899–1902, na kazi yake ikampa muda wa kutazama jinsi Makaburu walivyochimba mahandaki yasiyoonekana hata ukiwa karibu. Baadaye aliacha utabibu, akaanza kuchonga mabanka na vilima vya kutengenezwa kwa namna hiyo hiyo, mpaka mchezaji asijue wapi ardhi imeishia na wapi koleo limeanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1920, Golf Architecture, alitaja kanuni 13 za uwanja bora. Moja inataka kila shimo liwe na tabia yake. Nyingine inataka vitu vya kutengenezwa vifanane na vya asili. Ipo nyingine, isiyonukuliwa sana, inayotaka uwanja uwe mzuri sawasawa majira yote mawili, ya baridi na ya joto.

Hapo ndipo penye kichekesho. MacKenzie, pamoja na bingwa wa gofu Bobby Jones, ndiye aliyechora Augusta National, uwanja wa Marekani uliofunguliwa mwaka 1933 na ambao kila Aprili huonyeshwa duniani ukiwa kijani kisicho na doa. Uwanja huo hufungwa miezi ya joto, wanachama wakaenda zao, nyasi zikapumzishwa na kupandwa upya. Chini ya grini zake zimefukiwa mashine za kunyonya maji na kupuliza hewa. Kinachoonekana kwenye runinga ni wiki moja ya mwaka, ya uwanja mmoja, wenye fedha kuliko halmashauri nyingi. Na bado mwanachama wa klabu ya Moshi au Morogoro akiona baka la kahawia Septemba humfuata mtunza uwanja na kumuuliza kwa nini si kama kule.

Afrika ina majibu yake ya ubunifu, na baadhi ni mazuri. Uwanja wa Ndola, nchini Zambia, umekaa kwenye ukanda wa miombo kama wa Songea. Waliouchora walikuta vichuguu vya mchwa vikubwa kama vibanda, wakaviacha. Leo vichuguu hivyo ndivyo vizuizi vyake na ndivyo vinavyokumbukwa na kila aliyecheza huko; hakuna banka la kununua linaloweza kufanya kazi hiyo. Jinja, nchini Uganda, wameandika kanuni ya nyumbani: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Watu hucheka wakiisoma, lakini ni kanuni ya busara, kwa kuwa kiboko alitangulia kufika. Kati ya Meru na Kilimanjaro, karibu na Usa River, uwanja wa Kili Golf wenye mashimo 18 ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye alishinda Kenya Open mwaka 1989. Mtu aliyewahi kushindana kwenye nyanda hizi alijua mwanga wake na upepo wake kabla hajashika kalamu, jambo ambalo si kila msanifu wa kuajiriwa kutoka mbali anaweza kujivunia.

Miti inahitaji neno lake peke yake, maana katika viwanja vya bustani ndiyo inayopendwa kupita kiasi. Oakmont, karibu na Pittsburgh, Marekani, ulianzishwa mwaka 1903 kwenye ardhi iliyokuwa wazi. Baadaye wanachama wakapanda miti kwa maelfu ili upendeze. Grini zikanyimwa jua, njia zikabana, na mandhari ya mwanzo ikapotea. Miaka ya 1990 viongozi wa klabu wakaanza kuikata, na kwanza waliikata kabla ya mapambazuko, wakasafisha vumbi la msumeno, wanachama wasigundue. Waligundua, wakagombana, ila ukataji uliendelea. Leo Oakmont husifiwa kwa uwazi wake.

Somo hilo halitafsiriki moja kwa moja Songea, ambako kukata miti si jambo la kushangiliwa hata kidogo. Linalofaa kuchukuliwa ni kipimo. Mti ulio upande wa mashariki wa grini ukizuia jua la asubuhi, nyasi hubaki na umande mpaka saa nne au tano, ukungu wa magonjwa ukastarehe humo. Mti huo huo ukiwa magharibi hauna neno. Mwenye kupanda mikaratusi pembezoni mwa njia kwa sababu inakua haraka anapaswa kukumbushwa kwamba inakunywa haraka vilevile. Mninga, mbula na msuku hukua polepole, haishindani na nyasi kwa ukali huo, na msuku humpa mbeba mifuko kitu cha kutafuna njiani msimu wake ukifika.

Sasa hali ya uwanja. Hapa mkaguzi hupiga magoti.

Chombo chake cha kwanza ni kile kinachotumika kukata mashimo, bomba lenye upana wa milimita 108, kipimo cha shimo la gofu kote duniani. Akikididimiza kwenye grini na kukivuta, anatoka na gogo la udongo analoweza kulishika mkononi. Juu kuna majani. Chini yake kuna utando wa kahawia wa mashina yaliyokufa na mizizi ya juu juu. Ukiwa mwembamba ni mto mzuri wa kupokea mpira, ukizidi sentimita moja na nusu hivi unageuka sifongo, unashika maji na kuficha wadudu. Halafu mizizi. Mizizi myeupe inayoshuka urefu wa kidole na zaidi ni habari njema kuliko rangi yoyote ya majani. Akikuta mstari mweusi unaonuka kama yai viza, ajue hewa haifiki, maji yametuama, na kijani kinachosifiwa juu hakitadumu. Grini zinazojengwa kwa kiwango kinachotumika sana kimataifa huwekewa mchanga wa sentimita 30 juu ya kokoto za sentimita 10, maji yapate njia ya kushuka. Aliyejenga kwa kusawazisha udongo mwekundu na kuumwagia mbolea ataipata taarifa yake masika ya kwanza.

Chombo cha pili hupima kasi ya grini. Ni mfereji wa alumini wenye urefu wa takriban sentimita 91, uliotokana na kifaa alichobuni Edward Stimpson mwaka 1935. Mpira huwekwa kwenye pengo lake, mfereji ukainuliwa taratibu mpaka mpira ukaanguka wenyewe, kisha umbali uliobingirika hupimwa, kwenda na kurudi. Wanachama hupenda namba kubwa, wakijigamba nayo kama kasi ya gari. Namba hiyo peke yake haina maana. Kinachotakiwa ni grini zote kukaribiana, mchezaji asikutane na zulia kwenye shimo la tatu na sakafu ya saruji kwenye shimo la nne. Nyasi zinazokatwa chini mno ili namba ipande huishiwa nguvu, na miguu ya wachezaji wa Jumamosi inamalizia kazi.

Kuna ukaguzi usiohitaji chombo. Tembea uwanja saa moja baada ya mvua kubwa uone maji yanakimbilia wapi na yanabaki wapi. Tazama kingo za mabanka kama zimebomoka. Angalia kama mchanga ni wa aina moja au kila banka lina mchanga wa lori lake. Geuka nyuma ukiwa kwenye grini na utazame tii ulikotoka. Tii iliyolala upande huwachezea watu mchezo kila siku na hawajui kwa nini mipira yao inakwenda kulia. Mambo madogo haya husema zaidi kuliko chakula cha mchana kwenye jengo la klabu.

Lakini hakimu mkubwa ni mwezi. Songea hupata mvua kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, wakati mwingine Mei, kisha anga hufunga. Januari hakuna uwanja mbaya. Hata kichaka cha nyuma ya soko ni kijani. Kufikia Oktoba nyasi zimekauka, moshi wa mioto ya porini umetanda, na miombo imefanya muujiza wake wa kila mwaka, kutoa majani mapya mekundu kabla tone la mvua halijaanguka, kwa akiba ya maji iliyo chini kabisa ardhini. Mwezi huo ndio wa kukagua.

Hesabu yake ni rahisi, na inashangaza kwamba hufanywa mara chache. Uwanja wa mashimo 18 huchukua hekta 50 hadi 70. Kiwanja kimoja cha mpira wa miguu hakifiki hekta moja. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Nyasi kwenye jua la Oktoba zikitaka milimita tano kwa siku, na klabu ikaamua kumwagilia hekta 20 za njia na grini, inahitaji lita milioni moja kila siku. Sasa punguza tamaa. Mashimo tisa, kila grini mita za mraba 500, kumwagilia grini pekee na kuziacha njia za ukoka zilale mpaka mvua irudi: lita 22,500. Malori mawili ya maji na ziada kidogo. Kati ya namba hizo mbili ndipo uamuzi wote wa usanifu ulipo, na mchezaji anayedai njia za kijani Oktoba hudai lita zilizobaki.

Vizazi vilivyotangulia viliielewa hesabu hii bila kuipenda. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni na baada yake, grini hazikuwa za nyasi kabisa. Zilikuwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, lililosawazishwa kwa reki au kwa gunia kila baada ya watu kupita. Hazikuhitaji maji. Zilichafua viatu na udongo, na hakuna sababu ya kuzirudisha kwa oili ile, ila ujasiri wa kukubali kwamba mahali pana ukame ulikuwa ndani yake. Nyanda za juu zenye mvua ya kutosha zina bahati nyingine. Mufindi, mkoani Iringa, gofu huchezwa katikati ya chai na ukungu. Muthaiga wa Nairobi, klabu ya mwaka 1913, uliandaa Kenya Open ya kwanza mwaka 1967, na mashindano hayo yalipokuwa sehemu ya mfululizo wa mashindano ya Ulaya yalichezwa tena hapo mwaka 2022 hadi 2025. Njia zake ni za nyasi za kikuyu, zile zile za Riviera, tofauti ikiwa kwamba hapa hazikuvuka bahari.

Kuna kipimo ambacho wasanifu huwaachia wanasiasa, nacho ni nani anaingia. Wachezaji wengi wazuri wa Tanzania walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, wakijifunza jioni kwa fimbo za kuazima baada ya wenye uwanja kwenda kuoga. Dar es Salaam, uwanja wa Lugalo ulio chini ya Jeshi la Wananchi umeonyesha kwamba gofu inaweza kukaa nje ya klabu za urithi wa kikoloni. Kampala imeonyesha upande wa pili: sehemu ya ardhi ya uwanja wake wa gofu katikati ya jiji ilimegwa, maduka na hoteli vikapanda juu yake. Uwanja ambao watu wa mji hawana faida nao haupati mtetezi siku tingatinga linapofika. Njia ya waenda kwa miguu pembeni, siku moja ya wiki kwa shule za sekondari, mashimo matatu ya mazoezi yasiyo na ada: hivi viwekwe kwenye mchoro tangu mwanzo, maana baadaye huonekana kama hisani.

Songea ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Milima ya Matogoro inayouangalia mji ndiyo chanzo cha Ruvuma, mto unaosafiri kilomita 800 hivi mpaka Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, na vijito vya milima hiyo ndivyo vinavyounywesha mji. Grini hula mbolea ya naitrojeni mara kwa mara na dawa za ukungu pale zinapougua. Yote hayo hufuata maji. Ardhi ya huku ina kumbukumbu vilevile. Ni mji wa makaburi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na tingatinga halijui kusoma historia.

Basi siku mwekezaji atakapofika manispaa na mchoro wa rangi, bwawa la bluu na njia za kijani kibichi, madiwani wasimuulize kwanza hoteli itakuwa na vyumba vingapi. Wamtake aonyeshe maji ya Oktoba yanatoka wapi na ni lita ngapi kwa siku. Wamtake ahamishe mstari wa kwanza wa mchoro mbali na vijito vya Matogoro, aanze na mashimo tisa, atumie ukoka, abakize vichuguu. Akikubali, apewe kiwanja. Akikataa, mkoa huu bado una mahindi ya kulima.